Kenya Ipi? Somo la Kutafuta Maarifa Kutokea Kasapa

Jijini Lubumbashi, Kenya ni mtaa. Ni mojawapo ya komini saba za jiji, pamoja na Kamalondo, Katuba, Kampemba, Ruashi, Annexe na ile inayobeba jina la jiji lenyewe, na hakuna mwenyeji asiyelijua soko lake. Sasa mchukue mwanafunzi wa tiba wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliyepewa kazi ya kuandika juu ya malaria kwa watoto wa mtaa huo. Anaketi mbele ya kompyuta, anaandika maneno mawili, "malaria" na "Kenya", kisha anabonyeza. Makala zinamiminika kwa maelfu: Kisumu, Kilifi, Kwale, vyandarua vya pwani, mbu wa Ziwa Viktoria. Ya Lubumbashi haionekani hata moja. Mwepesi wa kukata tamaa atamwendea msimamizi wake na kumwambia hakuna kilichoandikwa. Aliyepitia warsha ya maktaba ataongeza neno "Lubumbashi", ataifunga "commune de la Kenya" ndani ya alama za kunukuu, atajaribu kwa Kifaransa na tena kwa Kiingereza, na ataiamuru mashine iiache Nairobi kando.

Wengi hudhani kutafuta ni kazi ya mashine yenyewe. Kwa mambo ya Paris au Chicago huenda ikawa hivyo, maana mashine zimelishwa maandishi ya huko hadi zimevimbiwa. Kwa mambo ya Katanga, asiyejua kuuliza hurudi mikono mitupu ilhali alichokihitaji kipo, tena pengine kimeandikwa na mwalimu wa kitivo chake.

Kasapa ni kampasi kubwa ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, upande wa kaskazini wa jiji. Jina hilo limepewa pia gereza kuu la Lubumbashi, kwa hiyo hata kulitafuta neno "Kasapa" peke yake kwenye intaneti huchanganya habari za wasomi na za wafungwa. Chuo kilianzishwa mwaka 1955, chini ya utawala wa Ubelgiji, kikiwa Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Kimebadili jina mara kadhaa tangu hapo, na jambo hilo, kama tutakavyoona, si la mapambo tu kwa mtu anayetafuta kumbukumbu zake.

Warsha za stadi za utafiti zimekuwa sehemu ya kazi ya maktaba za vyuo vikuu karibu kila mahali. Nairobi, Makerere na Dar es Salaam wanazo. Pale Dar es Salaam maktaba mpya iliyofunguliwa Novemba 2018 ilijengwa iweze kupokea wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, na jengo la ukubwa huo lisingekuwa na maana kama wasomaji wenyewe hawajui waanzie wapi. Katika vyuo vya Kongo, tangazo la warsha hubandikwa kwenye valves, yaani mbao za matangazo za kitivo, na siku hizi husambaa haraka zaidi kupitia makundi ya WhatsApp ya kila promosyo, yaani kila darasa la mwaka mmoja. Wanaojitokeza ni wa aina mbili. Kuna wanafunzi wa mwaka wa mwisho wenye haraka ya kumaliza kazi yao ya kuhitimu. Kuna pia maasistanti na wale wanaoitwa chefs de travaux, watu wazima wenye familia na vipindi vya kufundisha, ambao tasnifu zao za udaktari zimekaa miaka zikiwangoja.

Mtu anaweza kuuliza kama somo hili halimo tayari katika mitaala. Limo. Kila mwanafunzi wa Kongo hukutana mapema na kozi ya utangulizi wa utafiti wa kisayansi, na huikariri: tatizo la utafiti, dhana tete, mbinu, mipaka ya mada kwa wakati na mahali. Lakini kozi hiyo hufundishwa ukumbini mbele ya umati, kwa sauti na ubao, na syllabus, yaani kijitabu cha mihadhara, hununuliwa, husomwa, hujibiwa kwenye mtihani na kusahaulika. Kuijua tafsiri ya dhana tete hakumfundishi mtu kufungua hifadhidata. Hapo ndipo mkutubi anapoanzia.

Mageuzi ya elimu ya juu nayo yameongeza uzito. Zamani mwanafunzi alisoma miaka mitatu ya graduat na kuifunga kwa kazi ndogo iitwayo TFC, kisha miwili ya licence na kuifunga kwa mémoire. Tangu mwaka wa masomo 2021–2022 Kongo inaingia katika mfumo wa LMD: miaka mitatu ya licence, miwili ya master, halafu udaktari. Mfumo huu unazihesabu rasmi saa ambazo mwanafunzi anajisomea mwenyewe, nje ya darasa. Kwenye karatasi ni jambo zuri. Lakini saa za kujisomea bila kujua pa kusoma ni saa za kukaa tu.

Turudi kwenye majina, kwa kuwa hapo ndipo pana utamu wa mambo na ndipo warsha ya Kasapa inapotofautiana na ile ya Liège au Leuven kule Ubelgiji. Jiji liliitwa Élisabethville tangu lilipoanzishwa mwaka 1910 hadi 1966. Mji wa Likasi, nao wa Katanga, uliitwa Jadotville. Nchi ilikuwa Kongo, ikawa Zaire mwaka 1971, ikarudi kuwa Kongo mwaka 1997. Jimbo la Katanga liligeuka Shaba mwanzoni mwa miaka ya 1970, likarudia jina lake mwaka 1997, na mwaka 2015 likagawanywa manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kampuni ya madini, Union Minière du Haut-Katanga ya mwaka 1906, ilitaifishwa mwaka 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines. Hata chuo chenyewe kimekuwa Chuo Kikuu cha Serikali cha Élisabethville, Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo, kampasi ya UNAZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire), na hatimaye UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kuanzia 1981.

Mashine haijui kwamba jina la zamani na la sasa ni la kitu kimoja. Mwanafunzi wa historia anayeandika "Lubumbashi 1950" anaitafuta Lubumbashi ambayo haikuwa ikiitwa hivyo katika maandishi ya wakati ule. Anayetafuta afya ya wachimbaji kwa neno "Katanga" peke yake anaweza kuzikosa kazi za robo karne nzima, zilizoandikwa wakati jimbo likiitwa Shaba. Na mwanaisimu anayechunguza Kiswahili cha mji huu yuko taabani zaidi, kwa kuwa wataalamu wamekiita kwa majina mengi: Kiswahili cha Shaba, cha Katanga, cha Lubumbashi, cha ukanda wa shaba, na kabla ya hapo Kingwana.

Dawa yake ni ya kale kuliko kompyuta. Katikati ya karne ya 19 mwanahisabati George Boole aliandika mantiki inayoyaunganisha mambo kwa viungo vichache, na hifadhidata za leo zinaendeshwa kwa viungo hivyohivyo, vikiandikwa kwa herufi kubwa za Kiingereza: AND hupunguza, OR hupanua, NOT huondoa. Alama za kunukuu hushika maneno yakae pamoja. Kinyota mwishoni mwa mzizi wa neno huleta viambishi vyake vyote. Katika warsha, swali refu kama "kobalti ina madhara gani kwa watu wa Katanga?" huvunjwa na kuandikwa upya hivi:

cobalt AND health AND (Katanga OR Shaba OR Lubumbashi OR Likasi OR Kolwezi)

Mstari huo ukiwekwa katika PubMed, hifadhidata ya tiba ya Marekani iliyo wazi kwa kila mtu tangu 1997, mambo hubadilika. Unaweza kukufikisha kwenye utafiti wa mwaka 2009 ambao mwandishi wake wa kwanza ni Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwa na wenzake wa KU Leuven. Walipima mkojo wa watu zaidi ya 300 wa kusini mwa Katanga na kukuta kobalti na metali nyingine kwa viwango vya juu mno, hasa kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini. Kutoka hapo msomaji anafika kwenye makala ya 2018 kuhusu Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao, na ile ya 2020 katika The Lancet Planetary Health, kuhusu utafiti uliofanyika Lubumbashi, ikionyesha kwamba watoto ambao baba zao walifanya kazi zinazohusiana na migodi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za maumbile.

Makala zote tatu zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayesoma, kufikiri na kuandika kwa Kifaransa hazioni akitafuta kwa Kifaransa pekee, ingawa watafiti walikusanya sampuli zao saa chache kwa gari kutoka bwenini kwake, na wengine wao anawasalimia asubuhi kwenye varanda ya kitivo. Ndiyo maana wakutubi husisitiza hatua mbili baada ya kupata makala moja nzuri. Kwanza soma orodha ya marejeo yake ujue mwandishi wake alisimama juu ya nani. Kisha angalia ni nani waliomtaja baadaye. Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, hulionyesha hilo chini ya kila makala. Makala moja iliyopatikana kwa jasho huzaa kumi bila jasho.

Kwa nini mtu wa Kasapa atafute ng'ambo habari za nyumbani kwake? Jibu linahitaji kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na masomo ya fasihi na sayansi za jamii yakakusanywa Lubumbashi. Ilikuwa miaka ya neema ya fikra. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Jadotville, alifundisha hapo. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia, alikuwapo kati ya 1972 na 1974, akirekodi mazungumzo ya watu na kufahamiana na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Bogumil Jewsiewicki alifundisha historia. Kulikuwa na kituo cha isimu, CELTA, na kituo cha nyaraka za Afrika ya Kati, CERDAC, kilichokuwa na jarida lake, Likundoli.

Kisha uchumi ukaporomoka, na usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa na kuuawa ndani ya kampasi hii. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire, na mwaka uliofuata ukaja uporaji mkubwa mijini. Maktaba haifi kwa kishindo. Inaacha tu kupokea. Usajili wa majarida hulipwa kwa fedha za kigeni, na usajili ukikatika, matoleo ya miaka hiyo hayaji tena yenyewe hata amani ikirudi. Kizazi kizima cha wasomi wa Kongo kilijifunza kuandika tasnifu kwa vitabu vya zamani, kwa fotokopi za fotokopi, na kwa yale ambayo mwalimu alirudi nayo kwenye sanduku kutoka safarini.

Mlango ulifunguka upande mwingine. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilikubaliana na wachapishaji sita wakubwa wa majarida ya sayansi, na Januari 2002 ikaanza HINARI, ikitoa majarida kama 1,500 ya tiba kwa taasisi za nchi maskini bure au kwa bei ndogo. AGORA ya kilimo ikafuata mwaka 2003, OARE ya mazingira mwaka 2006, kisha ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Zote sasa zimo chini ya mwavuli mmoja, Research4Life, unaohudumia nchi zaidi ya 100. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika kundi A, lile lisilolipa chochote. Makala ambayo msomaji wa kawaida wa Ulaya angedaiwa makumi ya dola kuisoma, mwanafunzi wa taasisi ya Kongo iliyojiandikisha anaipata bure.

Kwa sharti la kujua kwamba ipo. Kuingia kunahitaji jina la mtumiaji na neno la siri vinavyotunzwa na maktaba ya taasisi, na ni rahisi mtu kumaliza masomo bila kuwahi kuviomba, akiwa amekutana mara kadhaa na ukurasa unaomdai dola 35 kwa makala moja na kuamini kuwa ndio mwisho wa njia. Warsha humwonyesha mlango wa pembeni. Humwonya pia: neno la siri likitupwa kwenye kundi la WhatsApp na watu wakapakua mamia ya makala kwa mkupuo, wachapishaji hulishtukia na taasisi nzima inaweza kufungiwa.

Zaidi ya hayo kuna mali isiyohitaji neno la siri hata kidogo. Saraka ya DOAJ, iliyoanzia Lund nchini Sweden mwaka 2003, hukusanya majarida yaliyo wazi kwa wote. Persée na OpenEdition za Ufaransa zimejaa majarida ya historia na anthropolojia ya Afrika. AJOL ya Afrika Kusini hukusanya majarida ya bara letu. ORBi, hazina ya Chuo Kikuu cha Liège, ina tasnifu na makala nyingi za Wakongo waliosomea huko, na za Wabelgiji waliofanya kazi Katanga juu ya udongo, miombo na mimea inayoota penye shaba. Na kwa msomaji wa Kiswahili ipo tunu ambayo wengi hawaijui: hazina ya mtandaoni ya Kiswahili cha watu wa kawaida wa Kongo, iliyojengwa na Fabian na Vincent de Rooij. Ndani yake mna historia ya Élisabethville iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, kwa Kiswahili cha mjini, iliyopigwa chapa bila msaada wa mchapishaji yeyote wa maana. Fabian aliichapisha upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri. Mtu yeyote anaweza kuisoma bure, kwa simu.

Simu, ikiwa ina chaji. Warsha yoyote ya Lubumbashi isiyozungumzia umeme wa shirika la SNEL na bei ya mega za intaneti ni warsha iliyoandaliwa kwa ajili ya mji mwingine. Hapa ushauri mzuri ni wa kibahili. Soma muhtasari kwanza, maana kurasa za maandishi matupu ni nyepesi, na upakue PDF baada ya kuhakikisha unaihitaji. Tafuta ukiwa kwenye mtandao wa chuo, soma ukiwa home, kama wanafunzi wanavyoyaita mabweni yao. Andika mstari wako wa utafutaji kwenye daftari kabla ya kuketi, ili umeme ukikatika usianze kukisia upya. Kiwix, programu huru iliyoanza mwaka 2007, inahifadhi Wikipedia nzima kwenye kompyuta au flashi isomwe bila mtandao. Wikipedia si chanzo cha kunukuu katika mémoire, lakini kwa kujua jina la zamani la kiwanda au mwaka wa mgomo haina mpinzani.

Kuhusu kunukuu vyanzo, yatosha kusema machache. Zotero, programu ya bure iliyotoka mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason cha Marekani, hukamata taarifa za makala na kupanga marejeo yenyewe kwa mtindo unaotakiwa. Mwanafunzi akiijua mapema anaokoa wiki nzima ya mwisho, ile ambayo kwa kawaida hutumika kukimbilia rafuni kutafuta mwaka wa kitabu alichokisoma zamani. Inampunguzia pia kishawishi cha wizi wa maandishi, ambao mara nyingi huanza kwa uzembe: sentensi iliyonakiliwa bila jina la mwenyewe, na miezi sita baadaye mtu anaamini ni yake.

Kishawishi kipya ni kikubwa zaidi. Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022, mwanafunzi anaweza kuomba marejeo kumi juu ya kobalti ya Kolwezi na kuyapata papo hapo, yana majina ya waandishi, miaka, hata kurasa. Baadhi yatakuwa hayapo duniani. Programu za aina hii hutunga sentensi zinazofanana na za kweli, na rejeo la uongo hufanana sana na la kweli. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na mashine hiyo. Kwa mada za Ulaya hatari ni kubwa. Kwa mada za Katanga, ambako mashine imesoma kidogo, mtu asite mara mbili. Zoezi zuri la kuanzia warsha ni kuwapa washiriki marejeo matano yaliyotungwa na mashine na kuwaambia wayatafute moja moja. Kimya kinachofuata hufundisha kuliko slaidi 40.

Na slaidi, kwa kweli, ndizo ugonjwa wa warsha nyingi. Mwezeshaji huja na orodha ya hifadhidata 20, anasoma anwani zake ukutani, washiriki wanapiga picha kwa simu, cheti kinatolewa, soda inanyweka. Inayofaa ni ile ambayo kila mtu anakuja na mada yake mwenyewe na kuondoka na makala tatu alizozipata kwa mikono yake. Ni ghali zaidi kwa muda na inahitaji wakutubi wengi zaidi, lakini ile nyingine haina faida ila kwenye ripoti ya mfadhili.

Maasistanti wana shida yao ya ziada. Kupanda cheo kunadai machapisho, na barua pepe zimejaa majarida yanayoahidi kuchapisha ndani ya wiki moja kwa malipo. Mkutubi Jeffrey Beall wa Denver aliweka orodha ya wachapishaji wa kutiliwa shaka hadi Januari 2017, alipoiondoa. Orodha hiyo haipo tena kama zamani. Yaliyobaki ni maswali ya kujiuliza: je, jarida limo katika DOAJ? Wahariri wake wanajulikana, na je, wao wenyewe wanajua kwamba ni wahariri? Ada imetajwa waziwazi kabla ya kutuma makala? Kwa mshahara wa asistanti, kosa moja hapo ni fedha nyingi.

Lakini kutafuta si kupata tu; ni kujua pia uliyempata ni nani. Mudimbe aliliandika hilo katika The Invention of Africa, kitabu cha mwaka 1988, alipozungumzia "maktaba ya kikoloni": lile rundo la maandishi ya wamisionari, wapelelezi na maofisa ambalo kwalo dunia ilijifunza kuiona Afrika. Mwanafunzi wa Kasapa anayetafuta habari za wafanyakazi wa miaka ya 1940 atakutana mapema na taarifa za CEPSI, kituo kilichoanzishwa Élisabethville mwaka 1946 kuchunguza kile kilichoitwa matatizo ya kijamii ya wenyeji. Ni hazina ya takwimu. Ni maneno ya mabwana pia. Warsha inayofundisha kupakua bila kufundisha kuuliza nani aliandika, lini, na kwa mshahara wa nani, imeacha nusu ya kazi. Kando ya taarifa za CEPSI aweke André Yav, na kitabu cha Donatien Dibwe dia Mwembu cha mwaka 2001 juu ya Bana Shaba, wafanyakazi wa Union Minière na Gécamines na familia zao, kilichojengwa kwa kiasi kikubwa juu ya masimulizi yao wenyewe. Mudimbe alifariki Aprili 2025 nchini Marekani. Vitabu vyake binafsi alivitoa kwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikofundisha ujanani.

Yamebaki maandishi ambayo hakuna mstari wa utafutaji unaoyafikia. Ni zile TFC, mémoire na tasnifu za Wakongo wenyewe, zilizochapwa kwa taipureta na baadaye kwa kompyuta, zikafungwa majalada na kupangwa rafuni tangu miaka ya kwanza ya chuo. Humo mna bei za soko, masimulizi ya wazee wa kambi za wafanyakazi, magonjwa ya komini moja moja, istilahi za mafundi, ramani za mitaa iliyokua bila ramani. Mtafiti wa Leuven au wa Nairobi hazioni, na kwa nia njema kabisa anaandika katika utangulizi wake kwamba mada haijachunguzwa.

Kwingine wamelishughulikia jambo hili kwa amri. Chuo Kikuu cha Liège kilipoifungua ORBi mwaka 2008, rekta wake Bernard Rentier aliweka kanuni kwamba katika kupandisha vyeo zitatazamwa kazi zilizowekwa humo tu, na wasomi waliokuwa wakisitasita wakaharakisha. Nairobi na Makerere nazo zina hazina zao za kidijiti zinazopokea tasnifu za wanafunzi. Kuskani jalada la kurasa 200 kunataka mashine, umeme, ruhusa ya mwandishi na mtu wa kuketi na kazi hiyo siku nzima, na si kila maktaba inayo yote manne. Orodha tu, hata hivyo, haitaki mengi: kichwa cha kazi, jina la mwandishi, mwaka, kitivo, msimamizi, na maneno matano au sita ya kutafutia, yakiwemo majina ya zamani na ya sasa ya mahali panapohusika. Wanafunzi 30 wa warsha moja, kila mmoja akipewa rafu moja na faili la kompyuta, wanaweza kuianza alasiri hiyohiyo.